Timu Isiyo na Kadi ya Njano

Aliyekosa gazeti la juma lililopita hakupoteza kitu kikubwa, nitamfupishia. Mimi ni Mbugua, naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya upili kando ya Ngong Road, nyuma kidogo ya mtaa wa Woodley. Mwalimu mkuu wetu, Bi Nakhumicha, anastaafu muhula huu. Kiti chake nakitaka. Sioni sababu ya kulivisha jambo hilo nguo za unyenyekevu: nakitaka, na ninakistahili.

Nilikwisha kusimulia jinsi nilivyogundua kwamba ratiba ya zamu, niliyoipanga kwa rula na wino wa rangi mbili, haikuwa ikifuatwa na mtu yeyote. Walimu walikuwa wakigawana zamu kwa fantasi.

Kwa msomaji aliyebahatika kutojua, fantasi ni mchezo wa simu. Mtu mzima, mwenye shahada na watoto, huchagua wachezaji wa ligi ya Uingereza na kujidai kuwa kocha wao. Wakifunga mabao huko kwao, yeye hupata alama huku kwetu, akiwa amelala kochini. Chumba chetu cha walimu kiliongeza sheria moja: anayeburuta mkia wikendi hawezi kukataa ombi moja la anayeongoza. Na ombi, karibu kila Jumatatu, lilikuwa hili: "Nishikie zamu."

Kwa hiyo lango letu lilifunguliwa, kengele ikapigwa na githeri ya wanafunzi ikaonjwa kwa sababu mtu fulani huko Liverpool alikosa penalti.

Niliubandua ukutani msimamo wa ligi yao, nikaukunja vizuri, nikautia kwenye pipa la taka. Walimu wakaacha kunisalimu. Kisha nikapigiwa simu. Mheshimiwa Kitavi, mwakilishi wetu wa wadi na mwenyekiti wa bodi ya shule, alinitaka mjini.

Nilimkuta katika mkahawa wa ghorofani, mtaa wa Kimathi, akiwa na nusu kuku mbele yake na simu imeegemezwa kwenye chupa ya sosi.

"Keti, Mwalimu. Dakika moja tu."

Haikuwa dakika moja. Nilikaa nikimtazama kiongozi aliyechaguliwa na watu akichagua kipa.

"Huyu ana goti," alisema hatimaye, bila kuniinulia macho. "La kushoto. Hawa watu wa vilabu hawasemi ukweli. Wako tu kama serikali."

"Mheshimiwa, wewe ndiwe serikali."

"Mimi? Mimi ni kaunti."

Alicheka peke yake, akafuta vidole. "Sikiza, Mwalimu. Wewe ni mtu wa kazi. Shule inasimama juu yako, hata Mama Nakhumicha anasema hivyo. Lakini bodi inakaa Jumatatu. Na nikiuliza walimu wako wanakuonaje, napewa neno moja. Baridi."

"Ubaridi si kosa."

"Kwa soda si kosa. Kwa mwalimu mkuu ni shida. Ulitoa ligi ya watu kwa ukuta! Mimi niko kwa hiyo ligi. Nilikuja pale na mpiga picha, nisimame kando ya jina langu, nikapata msumari."



"Fanya mambo mawili," aliendelea. "Ingia ligi wiki hii. Halafu uende kwa kipindi cha yule kijana, Okinyi. Ucheke na watu. Jumatatu nitaambia bodi: huyu sasa ni mtu wa watu, tumpe shule."

"Na nikikataa?"

"Utakataa aje, na kiti unakitaka?"

Nilishuka ngazi nikiwa nimekubali. Ninaliandika hilo bila kujitetea. Mtu aliyesomea ualimu akafaulu vizuri, akasimamia mitihani ya taifa bila doa, alikubali kuwa kocha wa watu wasiomjua, ili apendwe na watu anaowadharau.

Okinyi hufundisha Kemia. Saa ya chakula cha mchana hujifungia maabarani na kurekodi kipindi cha mtandaoni ambamo huzungumzia muziki, siasa na fantasi kwa pumzi moja, kana kwamba vitu hivyo vitatu ni kimoja. Pengine ni kimoja. Vyote vina kelele nyingi, na katika vyote mshindi ni mtu aliye mbali.

Nilipoingia chumba cha walimu, yeye ndiye aliyeniona kwanza.

"Niaje, Deputy! Leo umekuja kubandua nini? Dari?"

"Nimekuja kujiunga."

Vijiko vilisimama vikombeni. Bi Wamucii wa Hesabu, ambaye hajawahi kuniunga mkono hata katika jambo la kufungua dirisha, aliweka chai yake chini.

"Kujiunga na nini? Na sisi?"

"Na ligi."

"Wueh! Basi Yesu yuko njiani."

"Muacheni," alisema Okinyi. "Karibu kwa wenye dhambi, Deputy. Timu itaitwa nani?"

"Nidhamu."

Walicheka mpaka Bi Wamucii akaishika meza kwa mikono miwili. Niliwangoja wamalize, kama ninavyolingoja darasa la kidato cha pili baada ya mtu kujamba. Subira ndiyo kazi yangu.

Kisha nikachagua kikosi. Nilikichagua kama ninavyochagua viranja kila mwaka, kwa njia ambayo haijawahi kuniletea fedheha. Sikutazama mabao. Mabao hufungwa na yeyote, hata mtukutu. Nilitazama kadi za njano. Mchezaji aliyepata hata moja nilimpita. Aliyekuwa safi tangu msimu uanze nilimwandika. Ilinichukua kipindi changu chote kisicho na somo, lakini nilipomaliza nilikuwa na timu ambayo mwamuzi yeyote angeikaribisha nyumbani kwake.

Ukepteni nilimpa kipa mmoja wa klabu kubwa, mtu ambaye hakuwahi kuonywa katika misimu yote aliyokuwa pale. Tabia ya namna hiyo haipatikani kwa bahati.

Okinyi aliitazama simu yangu kwa muda mrefu. Aliuma mdomo wa chini.

"Deputy, una uhakika? Hawa hawa?"

"Nitajie mmoja wao aliyewahi kuadhibiwa."

"Hakuna. Hapo umesema ukweli mtupu."

"Basi."

Alinirudishia simu, akatoka nje. Nilisikia sauti ukumbini nikadhani ni kikohozi.

Ijumaa nilikwenda maabarani. Alikuwa ameweka kinasa sauti juu ya meza, kati ya jiko la gesi na chupa za asidi. Alivaa vipokea sauti vikubwa masikioni, akaanza kuzungumza kwa sauti isiyo yake.

"Wasee, leo si leo! Tuko na mgeni mkali kuliko asidi. Deputy wangu, Mwalimu Mbugua! Mwalimu, hii ngoma inaongoza mtaani sahi, umeiskia?"

"Nimeisikia. Magari yote hupita langoni nayo. Ina maneno manne. La kwanza ni jina la mwimbaji, la pili ni jina la aliyemrekodi, na yaliyobaki siwezi kuyatamka mbele ya vifaa vya serikali."

"Lakini vijana wanaipenda!"

"Wapo vijana wanaopenda kula chaki. Hatujaiandika kwenye menyu."

Okinyi alipiga meza kwa furaha. Nakiri kwamba sikuchukia.

"Haya, siasa. Tuambie, Mwalimu. Wanasiasa wetu?"

"Mwanasiasa wa kwetu ni mtahiniwa anayenakili kutoka kwa jirani aliyefeli. Kila baada ya miaka mitano tunamsahihisha, tunampa sifuri, kisha tunampandisha darasa."

"Uuui! Na Mheshimiwa Kitavi, mwenyekiti wa bodi yetu?"

Hapo nilikumbuka kiti.

"Ni kiongozi anayejitahidi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

Aliwaaga wasikilizaji, akavua vile vitu masikioni, akanimiminia chai kutoka kwenye themosi. "Deputy, umeua! Sikujua uko hivi. Sasa niambie ukweli, tukiwa wawili tu. Mheshimiwa unamwona aje?"

Chai ilikuwa nzuri. Kwa mara ya kwanza muhula huo mtu alikuwa ameniita kwa furaha. Nikausema ukweli.

"Mheshimiwa? Mtu huyo alinikalisha Kimathi kama mtoto aliyechelewa, akichagua kipa. Anajua goti la kila mwanamume wa Uingereza. Lakini taa za njia ya nyuma ya shule, wanakopita wasichana wetu alfajiri, zimezimika tangu mwaka jana, na nimemwambia mpaka nimechoka. Kidato cha tatu tuna msichana aliyenyang'anywa begi pale, akaburutwa. Mwenyekiti wa bodi hajui hata jina lake. Huyo, Okinyi, ningekuwa nampanga darasani, hafai hata kuwa kiranja wa kufuta ubao."

Okinyi hakucheka. Alikuwa akitazama kinasa sauti.

"Aki, Deputy. Hii kitu bado inarekodi."

"Futa."

Mkono wake ulikwenda, ukasita. Kisha akaegemea kiti na kunitazama kwa namna ambayo mwalimu mdogo hapaswi kumtazama naibu mwalimu mkuu.

"Tuseme hivi. Usipoburuta mkia wikendi, nafuta. Ukiburuta, tutaona."

"Okinyi. Kipindi hiki kinatoka lini?"

"Jumatatu, saa ya chai."

"Bodi inakaa Jumatatu."

"Kila mtu anajua, Deputy. Lakini ligi yetu uliitupa kwa taka, na hukuuliza mtu. Kaa na wasiwasi kidogo. Wikendi moja tu. Si timu yako ina nidhamu?"

Ningeweza kumwamuru tena. Ningeweza hata kumsihi. Nilifunga koti na kutoka, kwa sababu nilikuwa na imani na kikosi changu.

Jumapili, baada ya ibada na chakula, tulikaa sebuleni kwetu Kinoo. Mke wangu, Waithera, alikuwa na redio yake, akisikiliza mpira kama kawaida yake, mimi simu yangu.

"Baba Mwihaki, mbona unaitazama hiyo simu kama majibu ya daktari?"

"Mechi zimekwisha?"

"Imebaki moja. Kwani tangu lini unafuata mpira?"

"Wachezaji wangu hawana alama. Hakuna hata mmoja aliye na alama."

Alinyoosha mkono, nikampa. Alisoma majina. Aliiweka simu mapajani, akaichukua tena, akasoma upya.

"Hawa watu hawachezi."

"Wameumia?"

"Hawajaumia. Hawachezi tu! Hawa ni wa kukaa benchi. Wengine hata benchi hawafiki. Na huyu kepteni wako ni kipa wa tatu. Kazi yake ni kubeba chupa za maji na kupigia wenzake makofi."

"Hana kadi hata moja, Mama Mwihaki!"

"Kadi ataipatia wapi? Ataonywa kwa kupiga makofi vibaya?"

Alianza kucheka kidogokidogo, kwa heshima, kama anavyofanya kanisani. Kisha heshima ikamwishia. Nilimwacha acheke. Kwa muda mfupi niliwafikiria viranja wangu wa shule, wale safi, wasioonywa kamwe. Nililiacha wazo hilo kabla halijafika mahali.

Niliutazama msimamo. Chini kabisa, Nidhamu, sifuri. Juu kabisa, timu iliyojiita Mheshimiwa United.

Kwa hiyo mtu niliyemtukana ndiye niliyepaswa kumtimizia ombi lolote moja.

Jumatatu nilifika mapema. Okinyi alikuwa langoni, akishika zamu yake ya halali kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Habari ya asubuhi, Deputy. Pole kwa matokeo."

Alingoja nimuulize. Niliuona uso wake ukingoja. Sikumuuliza. Kumwomba mara moja kulitosha, na hata hapo sikuwa nimeomba, nilikuwa nimeamuru.

Bodi ilikuja saa ya chai. Mheshimiwa aliingia na nyama kutoka Dagoretti, nusu mbuzi kwenye gunia safi, akaituma jikoni kwa sauti ya kusikika. Badala ya kwenda ofisini kwa Bi Nakhumicha, aliwaongoza wanabodi moja kwa moja mpaka chumba cha walimu, naye Bi Nakhumicha akawafuata.

"Walimu, hamjambo! Kabla bodi haijakaa, mimi namdai mtu deni. Nani aliongoza wikendi?"

"Mheshimiwa!" walijibu kwa pamoja, kama darasa la chekechea.

"Na nani aliburuta mkia?"

Hawakutaja jina. Waligonga meza kwa vijiko. "Ombi! Ombi! Ombi!"

Nilisimama. Nilidhani ataniomba nishike zamu mwezi mzima, au nimbebee mkoba, au nimwandikie hotuba. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Mwalimu Mbugua," alisema, akinishika bega, "jana Okinyi alinipigia. Akaniambia umenitaja kwa kipindi. Wewe! Mtu baridi kama sakafu! Sasa ombi langu ni dogo. Tukae sote hapa, bodi na walimu, tusikize pamoja. Nataka watu wasikie vile Deputy anasema juu ya mwenyekiti wake. Halafu tuingie mkutanoni tukiwa na furaha."

Okinyi alikuwa ameshaleta spika. Alikuwa akichomeka waya. Nilimtazama, naye akautazama waya.

Ukiburuta, tutaona.

Niliyaona yote yakinijia kwa mpangilio, kama ninavyopenda mambo yanijie: goti, taa, msichana, ubao. Sauti yangu mwenyewe, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Mchungaji, mmoja wa wanabodi, akisikiliza. Bi Nakhumicha akisikiliza, yeye aliyeliandika jina langu kwa mkono wake katika mapendekezo.

Wanafunzi wangu wanajua sheria yangu. Anayekiri kabla kengele haijalia hupata nusu ya adhabu. Anayekamatwa hupata yote.

"Mheshimiwa," nilisema, "usisikilize hiyo. Nitakuambia mwenyewe."

"Mwalimu Mbugua," alisema Bi Nakhumicha kwa upole, "keti."

"Samahani, Mama. Siwezi."

Nikasema. Nilisema yote, kwa mfululizo uleule na kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa. Nilisema alivyonikalisha akichagua kipa. Nilisema anavyojua magoti ya Waingereza asiyajue yaliyochubuka ya mtoto wa shule yake. Nilimtaja msichana yule kwa jina, ingawa hapa sitamtaja. Nilimaliza kwa kiranja wa kufuta ubao, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulisema, na mtu anayekiri nusu hajakiri.

Hakuna aliyegonga kijiko.

"Bwana asifiwe," alinong'ona mchungaji, bila kumaanisha kitu.

Okinyi alinikaribia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Deputy," alisema polepole, "hiyo sehemu niliifuta. Ijumaa hiyohiyo, kabla hujafika hata kwa mlango. Nilikuwa nakuchezea tu."

"Imebaki nini?"

"Imebaki 'ni kiongozi anayejitahidi'."

Msomaji anicheke. Mimi mwenyewe ningemcheka mtu wa aina hiyo, na kwa muda mrefu.

Mheshimiwa alikuwa bado ameuweka mkono begani kwangu. Aliuondoa taratibu, akaufuta kwenye koti lake. Aliwatazama walimu mmoja mmoja, akitafuta tabasamu aliloingia nalo, na hakulipata kwa yeyote.

"Lakini taa ni kweli, Mheshimiwa," alisema Bi Wamucii.

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa amekunja mikono na hakuwa akinitazama mimi.

"Nani mwingine anasema ni kweli?" aliuliza Mheshimiwa.

Kiti kimoja kililia sakafuni, mwalimu akasimama. Kisha kingine. Okinyi akaenda kusimama nao, akiwa na waya mkononi. Mwanabodi mmoja aliangalia viatu vyake.

Mheshimiwa alivuta kiti, akaketi katikati ya chumba, akaizima simu yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Wamucii, funga mlango. Okinyi, rudisha hiyo mashine yako hapa mezani. Iwashe. Leo hakuna kufuta." Kisha akanigeukia, na uso huo ulioshinda kura nyingi haukunipa hata alama moja ya kusoma. "Mwalimu, umesema mbele ya mashahidi. Sasa rudia polepole, bodi iandike. Nataka kila neno."

Sikujua anataka maneno yangu kwa ajili ya taa au kwa ajili ya kunifukuza. Wanabodi walivuta viti. Kalamu zikatoka mifukoni.

"Nianzie wapi, Mheshimiwa? Kwenye goti?"

 Bi Nakhumicha, ambaye katika miaka yake yote shuleni hajawahi kuinua sauti mbele ya bodi, aliinuka, akaja, akasimama kando yangu.

"Anza na taa," alisema. "Ukifika kwa yule msichana, pale bodi iliponiambia ninyamaze, niachie mimi."